Sindano Kwanza, Ngoma Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja pale Masasi, Muuguzi Mkuu wa Wodi alinipa ndoo, dekio na onyo: "Humu usikimbie hata ukiogopa. Ukikimbia wewe, watakimbia wote." Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, baba na mama wamekufa, wadogo zangu wanne wananitegemea. Wa mwisho ni Bakari, na kwa kuwa nilimbeba mgongoni kila mahali, watu walishaniita Mama Bakari. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikadeki.

Ilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili. Wengi walikuwa na skizofrenia, maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, aamini yasiyokuwepo, na pengine ajitenge kabisa na watu. Dawa yao kubwa ilikuwa sindano ya mwezi, inayofanya kazi polepole mwilini mpaka tarehe nyingine ifike. Ilituliza sauti, lakini wengine iliwakaza viungo wakatembea kama waliojitwisha ndoo. Nilipanda taratibu, kutoka mfagizi hadi mhudumu wa wodi, yule anayelisha, anayeogesha na kumshika mgonjwa mkono anapochomwa.

Baadaye nikahamishiwa Newala, kwenye baridi na upepo. Bosi wangu huko alikuwa Tabibu wa Afya ya Akili, mtu mwembamba asiyekaa kitini.

"Mama Bakari, unajua kucheza?" aliniuliza siku moja.

"Nani huku asiyejua?"

"Basi kuanzia Jumanne tunacheza na wagonjwa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alitueleza kwamba ngoma ni tiba saidizi, yaani inakwenda pamoja na dawa, haishiki nafasi yake. Wagonjwa wanasimama duara, mmoja anaonyesha mtikisiko, wenzake wanauiga, kisha zamu inahama. Kila mtu anaulizwa kwanza kama anataka. Asiyeweza kuongea anapata namna ya kuwajibu wenzake kwa mwili.

Mpigaji nilimtafuta mimi: Mzee Nantanga, ambaye mikono yake haikuwa na mfano. Nilijua kwamba ndiye pia aliyeitwa kwenye ngoma za kupunga mashetani. Sikuona tatizo.

Kisha akaletwa Somoe, mwanamke kijana, aliyekaa wiki tatu akitazama ukuta. Sindano alishachomwa. Jumanne ya nne aliinua bega. Moja tu. Mzee Nantanga akaliona, akalijibu kwa ngoma, na bega la pili likainuka.

"Kumbe yumo!" mgonjwa mwenzake akapiga kelele. Watu wakacheka, na Somoe naye akacheka.

Mama yake alikuwa amesimama kwenye uzio na chakula mkononi, analia. "Dada, ni ngoma iliyomponya?" akaniuliza.

"Imemsaidia sana," nikamjibu kwa furaha, nikaenda zangu. Sindano sikuitaja.

Somoe akaruhusiwa kwenda nyumbani. Tarehe yake ya sindano ikapita, na ya mwezi uliofuata ikapita. Moyo ukawa juu juu, kila mlango ukifunguliwa nadhani ni yeye. Nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda hadi kijijini kwao. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, majani yote yana unga wa njano. Ngoma niliisikia kabla ya kuiona nyumba.

Somoe alikuwa katikati ya uwanja, macho mekundu, anachezeshwa kwa siku ya tatu. Mzee Nantanga aliponiona akainamisha kichwa.

"Karibu, Mama Bakari," mama yake Somoe alisema. "Tunaendeleza dawa yenu."

"Na sindano?"

"Ya nini tena? Hata hospitali mmekubali kwamba ni mashetani. Si mmemweka fundi yuleyule!"

Nikamsogelea. "Dada, kosa ni langu. Nilikwambia nusu. Sindano ndiyo iliyozituliza zile sauti, ndipo akaweza kuifuata ngoma. Bila sindano anasikia sauti na ngoma kwa pamoja."

"Leo hivi, kesho vile! Watu wa hospitali mmezidi vinyonga." Wanawake wakaangua kicheko.

Hapo Somoe akasema, kwa sauti iliyokauka, "Mama, nimechoka. Kule waliniuliza. Hapa hakuna aliyeniuliza."

Mama yake akamfuta jasho usoni kwa upindo wa khanga. "Mzee, acha kwanza," akamwambia mpigaji. Somoe akakaa palepale vumbini. Tulirudi hospitali mishikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, yeye katikati.

Tabibu hakunifokea. "Basi wewe ndiye utakayewaeleza ndugu, kila Jumanne, kabla ngoma haijalia," alisema. Nimewaeleza hivyo miaka yote iliyobaki: sindano kwanza, ngoma baadaye. Wengine walielewa. Wengine waliitikia kwa adabu tu, nikajua maneno yameishia hewani.

Sasa nimestaafu, nimerudi Masasi. Ninyi mnaoanza kazi hii, mgonjwa atainua bega nanyi mtaona mmeshinda. Siku hiyo msiondoke kabla ya kumweleza mama yake yote.

Somoe ameugua tena mara mbili, zote baada ya kuruka sindano. Kwa hiyo kila mwezi nampigia simu mama yake. Mwezi huu tarehe imepita siku nne na simu haipatikani.

"Dada, si umestaafu?" Bakari ananiuliza, akinitazama nikifunga mkoba.

Gari la Newala linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.