Bendi ya Umeme na Kengele ya Kitashu

Bendi ya Umeme ya Rudewa iliishi mwaka mmoja na miezi michache, na kwa muda huo wote Rudewa haikuwa na umeme. Jina alilitoa Ditram, mpiga gitaa, na ukimuuliza sababu alikujibu kwamba mtu haipi bendi jina la kitu ambacho tayari anacho. Alikuwa kijana wa aina hiyo. Alizaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, mjukuu wa mkata mkonge, na alipofikia umri wa kuajiriwa shamba lilikuwa limefungwa na mitambo imeuzwa. Akabaki na mama yake, Domina, wakilima mahindi bondeni karibu na mto.

Muziki wake aliupata mnadani. Ilikuwa enzi ya ruksa, mitumba imemwagika mpaka vijijini, na Domina alimnunulia mwanawe koti la jinzi. Mfukoni mlikuwa na kaseti. Ditram akaisikiliza kwenye redio ya nyumbani mpaka betri zikalegea: magitaa yanakwaruza, ngoma zinagonga palepale kama mtu anayebisha hodi asifunguliwe, na mwanamume analalamika kwa lugha ambayo Ditram hakuijua. Babu yake, mzee Gabrieli, aliyekuja kutoka Msumbiji enzi za mkoloni, aliinua kichwa.

"Hicho Kireno," alisema.

"Anasemaje, babu?"

"Anasema hapati usingizi. Zima. Sikuwakimbia Wareno kwa miguu nije kuwasikia nyumbani kwangu."

Ditram hakuzima, alihamia nyuma ya nyumba. Huko ndiko alikojifunza, kwa gitaa alilolitengeneza kwa dumu na nyaya za breki ya baiskeli. Akamvuta jirani yake Goodhope apige ngoma, na Irine wa kwaya ya kanisani ashike besi, kwa sababu Irine peke yake ndiye aliyeweza kushika mapigo bila kukimbia. Maneno waliimba kwa Kiswahili, lakini malalamiko yalikuwa yaleyale ya Mreno.

Vyombo vilinunuliwa na Kitashu. Huyu alikuwa mfugaji wa rika lao, familia yake ikikaa ng'ambo ya mto, na alikuwa akipita nyuma ya nyumba ile kila alipokuja kusaga. Siku moja aliegemea fimbo yake akasikiliza mpaka unga ukapoa. Mwezi uliofuata aliuza madume wake wote, wale aliopewa na baba yake wawe mali yake mwenyewe, akaenda Morogoro kununua magitaa, spika na jenereta za bendi moja ya dansi iliyokuwa imekufa. Watu wakamwuliza kama amerogwa.

"Muziki wa wengine unazunguka," alisema. "Wa Ditram unapiga chini."

Onyesho la kwanza lilifanyika kwenye ghala la zamani la mkonge, na nilikuwepo. Sisi tulizoea wimbo uanze polepole, ulalamike kidogo, halafu sebene liingie na watu waingie nalo. Wimbo wa Umeme ulilalamika, ukaendelea kulalamika, kisha ukakatika. Tukasubiri. Ukaanza wa pili, nao ukakatika.

"Sebene liko wapi?" mtu mmoja alipaza sauti.

"Halipo," Ditram alijibu kwenye maikrofoni, bila hata kuomba radhi.

Nusu yetu tukaondoka, na sijutii, maana kiingilio tulilipa na viuno tulirudi navyo vimelala. Lakini vijana wafugaji wa rika la Kitashu walikuwa wamejaa mbele, na wao hawakuhitaji sebene. Walikuwa wanaruka. Ngoma ikigonga wako juu, ikigonga tena wako juu zaidi, na vumbi la mkonge linawaangukia mabegani. Kwa mara ya kwanza tangu shamba lifungwe, ghala lile lilikuwa na kazi.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi. Kitashu alimvua kengele yake maksai wa mbele wa kundi la baba yake na kumpa Goodhope aipige katika wimbo wa mwisho, na Jumapili asubuhi anamrudishia ng'ombe mali yake. Kengele ile ilikuwa na ufa. Ilitoa mlio mkali, na nyuma yake mwingine wa kukoroma. Hata watoto waliokuwa wakichota maji waliuiga kwa midomo.

Habari zikafika Mikumi. Mwenye baa moja kubwa ya barabarani aliposikia kuna bendi inayojaza ghala kwa wafugaji, alituma salamu kwamba anataka kuiona. Ditram hakuwahi kualikwa popote nje ya Rudewa. Alifua lile koti la jinzi, akalianika, akalifua tena. Kitashu akaenda Mikumi mwenyewe kupatana siku na malipo, na ng'ombe akamwachia mdogo wake.

Asubuhi moja akiwa huko, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya Domina. Kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Ditram alikuwa upande wa pili wa shamba akifukuza ngedere, akasikia kengele, akakimbia. Alipofika alikuta mabua yamelala na kundi limeshavuka mto. Mvua ikanyesha ikafuta alama zote za kwato. Shamba lile ndilo lililokuwa chakula chao cha mwaka, na ng'ambo wafugaji walikuwa wengi. Pasipo shahidi, Domina angebaki na mabua.

Irine alimfuata Ditram kabla ya baraza la kijiji lililoitwa kusikiliza kesi hiyo. Alimsalimu Domina, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akamvuta mwenzake pembeni.

"Sema hukusikia vizuri. Ukungu ulikuwepo."

"Ukungu hauzibi masikio, Irine."

"Basi na bendi umeiua."

 Domina, aliyekuwa akichambua yale mahindi machache yaliyopona, alisikia yote. Hakumsihi mwanawe hata kwa neno moja. Nadhani hilo ndilo lililomshinda.

Barazani mwenyekiti wa kijiji aliuliza nani alisikia nini. Kitashu alikuwa amerudi na habari zake njema za Mikumi, na sasa ameketi kati ya wazee wake, fimbo magotini. Ditram akasimama.

"Nilisikia kengele."

"Ya nani?"

Alimtazama Kitashu, watu wakaanza kukohoa. Alijua, na sisi tulijua kwamba anajua.

"Ile yenye ufa," alisema. "Ya Kitashu."

Wazee wa Kitashu walianza kupinga, kwamba kengele ni kengele tu, na mtu hawezi kuhukumiwa kwa mlio. Kitashu aliwanyamazisha kwa mkono.

"Ni yangu," alisema. "Huyu hawezi kukosea."

Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawasemi kama Mungu ana jenereta. Fidia ilipaswa kulipwa, na ng'ombe waliobaki walikuwa wa baba yake Kitashu. Yeye mwenyewe mali yake ilikuwa magitaa, spika na jenereta. Akaviuza kwa yule mwenye baa, naye akavipeleka Mikumi siku ileile iliyopatanwa. Vyombo vilifika, bendi haikufika. Kitashu akamletea Domina magunia ya mahindi mpaka mlangoni, akamwamkia, akaondoka bila kuketi. Goodhope akaenda Ruhembe kukata miwa, na Irine akarudi kwaya.

Ditram alibaki akilima. Ugali wa mwaka ule ulitoka kwenye magunia yale, naye aliula. Koti sikuliona tena.

Baada ya baraza, wafugaji wa ng'ambo waliwavua ng'ombe wao kengele zote, ili pasiwe na mtu mwingine wa kuwatambua kwa sikio. Makundi yakawa yanapita kimya kwenda kunywa maji. Kitashu peke yake hakuivua ya kwake. Maksai wa mbele aliendelea kupita na kengele yake yenye ufa, mlio mkali na wa kukoroma, mbali na shamba la Domina, kwenye njia ndefu ya juu.

Nilikuwa uani kwa Domina asubuhi moja kengele ile ilipopita. Ditram alikuwa amechuchumaa akinoa jembe, na mkono wake ukasimama. Domina alikuwa anatwanga yale mahindi ya fidia. Akamwangalia mwanawe, akauinua mchi, akaushikilia hewani mpaka kengele ikaisha.