Dengu Katika Biberoni

Mume wangu alikuwa karani wa pamba pale Baraka, na wakati ule alitafuta kadi ya watu waliostaarabika. Kabla ya kukupa, Wazungu walikuja kukagua nyumba yako: kama meza ina kitambaa, kama mke anakula pamoja nawe. Kwa ajili hiyo akanunua biberoni, chupa ya kunyonyeshea yenye mistari ya kupimia. Mtoto wetu hakuwa na haja nayo, maziwa yangu yalimtosha. Chupa ikakaa juu ya kabati, wageni waione.

Mimi nilipelekwa kwa Madamu, mwanamke wa Kizungu aliyefundisha wanawake mapishi. Yeye alipenda dengu, chakula ambacho kwetu hakuna aliyekilima wala aliyekililia. Kila mtu mzima, alisema, apewe gramu mia mbili za dengu zilizopikwa. Kwa kuwa hatukuwa na mizani, alipima gramu hizo mbele yetu, zikiwa zimechujwa maji, akazimimina katika kikombe cha robo lita. Kikajaa.

"Nyumbani mutumie kikombe," akasema.

Nikamweleza mume wangu. Akacheka kwa pua.

"Gramu mia mbili iko mililita mia mbili. Mi nilisoma."

"Madamu amesema kikombe, baba."

"Kikombe iko kitu ya bamama. Mi nitapima kwa mustari."

Siku Madamu alipokuja kukagua nyumba na kula kwetu, huyo msomi alishika biberoni akaanza kuishindilia dengu kwa mpini wa kijiko. Kila aliposhindilia, zilipondeka na kushuka chini ya mstari, naye akaongeza. Nilikuwa nimepika za mgeni tu, na karibu sufuria nzima iliingia. Kisha zikakataa kutoka. Aliipiga chupa kitakoni, akaitikisa, jasho likamtoka ndani ya koti. Akiwa bado anaitikisa, Madamu akaingia.

"Mutoto anakula dengu?" akauliza.

Nilingoja mume wangu aseme ukweli. Akatazama kitambaa cha meza.

"Ndiyo, Madamu. Mama yake ndiye anamupa."

Madamu akanigeukia mimi. Alinifundisha habari za tumbo la mtoto mchanga mpaka bugali ukapoa, nami nikasimama nikisikiliza, maana kumwaibisha mume mbele ya Mzungu kungeiua ile kadi, na lawama hiyo pia ingekuwa yangu. Nilimtazama yule mwanamume na tai yake. Hata mbwa akiiba samaki hujificha mwenyewe, hamsingizii paka.

Dengu zilizobaki hazikumtosha mgeni. Nikaleta ndagala, vile visamaki vya ziwani, nilizojikaangia mwenyewe. Madamu akazila zote na bugali, kwa uma, bila kuuliza gramu.

Kadi alipewa. Jumapili, baada ya ibada, nilimsikia akiwasimulia makarani wenzake jinsi Madamu alivyozisifu dengu zake. Wakamsikiliza kwa heshima, na mmoja akamwomba amfundishe kupima.

"Si ngumu," akasema mume wangu. "Inataka tu akili."