Mama alimeza antibiotic kwa saa, bila kuruka hata kidonge, homa ikagoma kushuka. Nilienda kumtafuta mchawi, nikajikuta mimi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na mlioko huku kwenye baridi poleni.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Sehemu yenye aibu ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Mimi nauza mbao Makambako. Nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: kuuliza "kwa nini". Nikipewa jibu, nauliza tena. Mke wangu ameshazoea.

Mama yangu anaishi Uwemba, ukishapita Njombe mjini. Analima viazi, na ana ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye nadhani anampenda kuliko sisi wanawe.

Msimu wa baridi uliopita mama akaanza kupata maumivu akikojoa. Akanyamaza, si mnawajua mama zetu. Alipokuja kusema, tayari ana homa na ubavu unamuuma.

Akaenda hospitali moja pale Njombe. Wakapima mkojo, akaambiwa ni UTI na imeanza kupanda kwenye figo. Akaandikiwa ciprofloxacin, asubuhi kimoja, jioni kimoja, siku saba. Daktari akamsisitiza: ikifika siku ya tatu hakuna nafuu, rudi haraka, figo si za kuchezea.

Siku ya tatu nikapiga simu. "Naendelea, mwanangu." Siku ya nne nikapiga tena, nikasikia sauti inatetemeka. Homa ipo palepale. Hapo nikaogopa kweli, wakuu. Baba tulimzika kwa shida ya figo.

Kichwani nikawa nimeshapata jibu: dawa feki. Nilianza hata kuandika uzi wa kulilipua duka la dawa la Njombe alikozinunua. Namshukuru Mungu sikuubandika.

Kesho yake nikadaka gari la kwanza. Saa mbili na ushee niko kwa mama.

"Kamwene, mwanangu," ananisalimia huku amejifunika blanketi mbili. Jirani alishamkamulia ng'ombe, kikombe kiko mezani.

Nikachukua paketi ya dawa. Nikasoma jina, nikaangalia tarehe ya mwisho, nikahesabu vidonge vilivyobaki. Hakuna kilichorukwa. Mama akachukua cha asubuhi ile, akakisindikiza na maziwa fresh, kikombe kizima hadi chini. Nikamwangalia nikafurahi, nikasema huyu mama ni mgonjwa mtiifu.

Nikakodi gari, nikamwambia ajiandae turudi hospitali. Ila njiani nikapitia lile duka la dawa, nimejaa upepo. Mama nikamwacha kwenye gari.

Nikaweka paketi kwenye kaunta. "Dada, hizi dawa mmezitoa wapi? Mama yangu anakufa!"

Yule dada hakupandisha sauti. Akaigeuza paketi, akaisoma, akauliza, "Kaka, anameza na nini?"

Nikajibu kwa majivuno kabisa, "Na maziwa. Tena fresh."

Akaiweka paketi chini. Kisha akasema, "Kila siku? Asubuhi na jioni?"

Hapo nikakumbuka. Siku mama alipoanza dozi, mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia, "Hizo dawa ni kali, usimeze na maji matupu, zitakuunguza tumbo. Kunywa na maziwa."

Huku kwetu hilo hata halina mjadala. Mgonjwa anapelekewa maziwa. Dawa kali inapozwa na maziwa. Mtu akila sumu, maziwa. Sijawahi kujiuliza kwa nini, mimi ninayeuliza kila kitu!

Basi nikauliza pale. Dada akanieleza kwamba maziwa yana madini ya calcium, na calcium inaishika dawa hii tumboni. Zikishashikana, sehemu kubwa ya dawa haiingii kwenye damu, inapita na kutoka nje. Yaani mama anameza kidonge kizima, lakini kinachofika kwenye figo ni kidogo.

"Na mtindi?"

"Vilevile."

"Vidonge vya kiungulia?"

"Vingi navyo vinaishika. Hata vya kuongeza damu."

"Antibiotic zote ziko hivyo?"

"Hapana kaka. Kila dawa na masharti yake, ndiyo maana mnatakiwa kuuliza. Sasa mpeleke mama kwa daktari. Msiongeze dozi wenyewe, wala msiache wenyewe."

Hospitali, daktari akamsikiliza mama, akasoma cheti chake, nikamtajia habari ya maziwa, akauliza nani alimwambia ameze nayo.

Mama akainamisha kichwa. "Ni mazoea yangu tu, daktari. Hakuna aliyeniambia."

Wakuu, yule mama ana homa, anatetemeka, na bado ananificha mimi.

Nikasema, "Ni mimi, daktari."

Hakunigombeza. Alisema inawezekana ni maziwa, inawezekana pia bakteria wenyewe wameshakuwa sugu, hawezi kuapa. Akachukua mkojo upelekwe maabara kuotesha bakteria, ionekane dawa ipi inawaua, akamlaza mama, akamwanzishia sindano.

Nakiri niliomba moyoni waonekane sugu. Kwamba kosa liwe la bakteria, lisiwe langu.

Majibu yakatoka: bakteria wale wanauawa na dawa ileile aliyokuwa anameza. Daktari akanipa karatasi ya majibu niisome mwenyewe.

Homa ilishashuka kwa sindano. Akarudishiwa vidonge vyake amalizie, safari hii na maji, maziwa yakae mbali kwa saa alizoelekezwa. Sitaziandika hapa, maana mtu atazichukua azitumie kwa dawa nyingine. Ulizia za kwako.

Mama amepona, viazi kashapanda.

Nilichojifunza: kuandikiwa dawa sahihi na kumaliza dozi havitoshi. Uliza imezwe na nini, ikae mbali na nini, na lini urudi usipoona nafuu. Na sisi watoto wa mjini tupunguze udaktari wa kwenye simu. Mama zetu wanatuamini kuliko cheti cha daktari.

Nilipomwomba mama msamaha alicheka, akasema, "Ungeniambia nimeze na majivu, ningemeza."

Nimekaa na hilo neno hadi leo.

Haya, ukumbi ni wenu. Wewe dawa zako unamezea nini, na nani alikuambia?