Aliyeonja Mbele ya Mkwe

Siku ya posa yangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Watu husema uzee hupoza moyo. Wangu haujapoa, na kwa jambo hili sitaki upoe.

Ngoja kwanza nikuambie kilichonichokoza. Jumamosi nilikwenda kumtembelea mjukuu wangu Trésor, hapa hapa Dilala, Kolwezi. Vijana wa siku hizi wakipata kazi nzuri mgodini, bia ya baba zao haiwatoshi tena. Wanachanganya vinywaji nyumbani huku wakitazama simu: ramu, ndimu, tangawizi, halafu ile chupa ndogo wanayoiita amer, maji meusi ya magome na viungo yaliyolowekwa katika pombe kali, yenye harufu ya kujaza sebule nzima. Sina ugomvi nayo. Mtu mzima akinywa chake kwa kiasi, mimi si padri wake. Lakini rafiki yake mmoja, dereva wa lori, aliomba kitu kisicho na pombe, maana alikuwa anaondoka saa ileile kwenda Fungurume. Trésor akampa maji ya tangawizi, akayamiminia amer bila kipimo, na alipoulizwa akajibu hakuna kitu humo, ni harufu tu. Niliinuka na magoti yangu haya mabovu nikamnyang'anya yule dereva glasi mkononi. Walidhani bibi amechanganyikiwa. Basi sikiliza, kisha uamue mwenyewe.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Kasongo alihudumu mezani katika klabu ya wakubwa wa mgodi. Huko aliona jinsi walivyotia amer katika glasi: tone, tone jingine, basi. Kuona aliona, ila kuelewa hakuelewa. Akajipatia chupa yake, akaitunza mpaka siku wakwe walipokuja nyumbani kwetu kuleta mahari.

Wakwe walitoka mbali, kaskazini huko, upande wa Kabongo. Baba wa mchumba wangu Banza aliitwa Tata Kabange. Habari yake kila mtu aliijua, kwa kuwa mwenyewe hakuificha. Lutuku, pombe ya kukenekwa, ilikuwa imemlia shamba na mbuzi, na ikabaki kidogo imlie na mke. Ndipo akasimama katika kanisa lao la Kiprotestanti akaapa mbele ya watu kwamba hataigusa tena, na kiapo hicho alikishika miaka mingi. Kwa heshima yake mama yangu aliagiza majagi mawili: moja la ramu kwa wanaokunywa, jingine la nanasi na tangawizi kwa mzee.

Kasongo aliliona jagi la pili kuwa aibu. Alisema hayo ni maji ya watoto, wageni watarudi kwao waseme watu wa Kolwezi hawana kitu. Kwa hiyo akalimiminia amer na lenyewe, karibu chupa nzima. Hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi zangu, kama bibi harusi anavyofichwa, na harufu ilitufikia, ila sote tulidhani ni ya lile jagi la ramu.

Sasa wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui desturi hii. Kwetu anayemmiminia mkwe kinywaji huonja kwanza mbele yake, ili mgeni aone hakuna ubaya ndani. Akishaonja, mgeni anapokea kwa mikono miwili na kunywa. Kukataa hapo ni sawa na kumwambia mwenyeji wako kwamba ni mchawi. Kasongo alimmiminia, akaonja; Tata Kabange akapokea glasi, akainusa, akasita.

"Iko pombe mu hii, mwana?" akauliza.

"Aiko, tata. Ni majani tu, ya kunukisha," akajibu Kasongo, akaonja mara ya pili, akatabasamu.

Mzee akanywa. Akamiminiwa tena, akanywa. Kisha akainyoosha glasi mwenyewe, kabla hajaulizwa, na macho yake yalikuwa yamekwisha badilika. Dada mkubwa wa mama yangu, tuliyemwita Mama Mukubwa, ndiye aliyeona. Alilichukua lile jagi, akalionja, akatoka akalimwaga lote uani. Kasongo akamfuata akicheka, akisema ni matone tu. Mama Mukubwa hakupaza sauti, lakini sote tulimsikia.

"Weye ulitia mudomo yako kwa mbele ili mukwe aamini," alisema. "Njo vile banaua muntu. Si na kisu. Ni na mudomo yenye alishaamini."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja mzima akaondoka mgonjwa. Kabla ya harusi yangu Tata Kabange alikuwa amerudia lutuku, na hakuiacha tena. Niliolewa katika nyumba hiyo. Mimi ndiye niliyemwokota njiani, mimi ndiye niliyemwosha, mimi ndiye niliyemtazama mama mkwe wangu akizeeka kabla ya wakati wake. Na Kasongo? Mpaka leo, ukimwuliza, atakuambia mzee alikuwa na udhaifu wake. Mzaha mzaha hutunga usaha, lakini kidonda hakikumtoka yeye, kilitutoka sisi.

Mzee alipokuwa kitandani, karibu na kufa, nilishindwa kuvumilia. Nilimwuliza kama kweli hakujua siku ile kilichokuwamo. Akanijibu:

"Harufu nilisikia, mama. Lakini mukwe alionja mbele yangu. Ningemuambia namna gani kama anadanganya?"

Umesikia, mwanangu? Alijua, na akanywa kwa kutuheshimu. Heshima yake tuliitumia kumwangusha, na mimi niliyeletewa mahari siku ile sijui nimwombe nani radhi.

Kwa hiyo nasema wazi, na ukitaka kukasirika kasirika. Amer ni ya matone. Ukiimimina umeharibu kinywaji na umemharibu mnywaji. Usiitie kamwe katika glasi ya asiyekunywa, hata tone, hata kama bila hiyo kinywaji kinaonekana cha kitoto. Afadhali mgeni aseme umempa maji matupu. Na akikuuliza kuna nini ndani, mwambie chote, kwa majina yake, kabla hajapeleka mkono. Hujui ameapa nini, hujui anameza dawa gani, hujui ana lori gani la kuendesha. Yeye ndiye anayejua, naye hana njia ya kujilinda ila neno lako. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu wa baba zetu akupe riziki ya kukaribisha wengi, na mgeni anywe kwako bila woga na afike kwake salama.