Gobore Nililolikataa

Baba alikuwa mtu wa reli, lakini siku za mapumziko aliwinda kwa gobore alilotengenezewa na mhunzi wa kijijini kwao. Alipokufa, vita vilikuwa vimeshakaribia mji wetu wa Kamina. Siku ya kumaliza matanga wazee walinikalisha kwenye mkeka wake, wakaliweka gobore juu ya mapaja yangu, kama anavyorithishwa mtoto wa kwanza. Nilikataa. Sikutaka bunduki nyumbani wakati ule. Mdogo wangu akalichukua. Watoto wake walitaka nyama.

Mimi siamini neno ambalo halijaandikwa. Niliandika kwamba nimekataa na kwamba mdogo wangu ndiye amelichukua. Wazee wawili wakatia dole gumba. Karatasi nikaiweka ndani ya kamusi yangu ya Kifaransa. Mdogo wangu, aliyeniita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wake, alicheka: "Yaya, weye utaandika hata kifo yako."

Miezi michache baadaye askari walianza kupita nyumba kwa nyumba. Aliyekutwa na silaha alihesabiwa kuwa mwasi, akapelekwa Base, kambi ya jeshi, na si wote waliorudi. Watu wengi walikuwa wameniona pale mkekani, kwa hiyo asubuhi moja askari watatu waliingia kwangu.

"Bunduki ya papa yako iko wapi?" mkubwa wao aliuliza.

Kamusi ilikuwa mezani, kati yetu. Karatasi ile ingeniokoa mimi na kumpoteza mdogo wangu. Nilisema baada ya matanga tulilifukia kwenye kaburi la baba.

"Basi kesho utaifukula mbele yetu."

Walipoondoka niliichoma karatasi jikoni, kisha nikaenda kwa mdogo wangu. Safari hii hakucheka. Alasiri hiyohiyo, mvua ikinyesha na makaburini hakuna mtu, tulilifukia gobore upande wa kichwa cha baba, kina cha mkono mmoja.

Kesho yake nilichimba. Mkubwa wa askari alikanyaga udongo, akaniangalia.

"Udongo iko mulaini."

"Ni mvua," nilijibu.

Aliniashiria niendelee kuchimba. Mdogo wangu alisimama nyuma ya wazee, macho chini. Wale wawili waliotia dole gumba walijua kila kitu, wala hawakukohoa.

Jembe liligonga chuma. Nilipiga magoti nikalitoa, nikaliweka juu ya mapaja yangu na kulipangusa udongo kwa shati. Kisha nikawakabidhi. Walilichukua, pamoja na baiskeli yangu niliyokuja nayo, wakaenda zao.