Taa za Daa Zinazosema Kiiraqw

Jumapili, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Ukungu bado umelalia mashamba ya maharage ya Daa, wilayani Karatu, na Blandina Tluway yuko juu ya ngazi ndani ya kanisa la kigango. Anafuta vumbi jekundu kwenye taa kwa pindo la khanga yake.

"Vumbi likikaa hapa, bibi zangu watasikia mikwaruzo tu," anasema bila kugeuka. "Nishikie ngazi basi, mwandishi, usisimame tu!"

Mwandishi anashika ngazi.

Taa zenyewe ziko sita, za LED, na ukizitazama huoni cha ajabu. Zinamulika kama taa za duka lolote la Karatu mjini. Ila hizi, zikiwaka, zinabeba mahubiri kwa Kiiraqw, lugha ya wenyeji wa hapa.

Blandina, mwenye miaka 34, ni fundi redio na simu. Kibanda chake kiko kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Kutengeneza redio anatoza shilingi elfu tatu. "Ukilia sana, elfu mbili," anasema na kucheka.

Amelelewa hapa Daa na bibi yake, Martha, ambaye sasa ana miaka 84. Kiswahili cha Bibi Martha kinatosha kununua chumvi na kujibu salamu, basi. Zamani Katekista Silvanus alikuwa akitafsiri mahubiri kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na misa ikawa inakwenda saa tatu nzima. Watu wakalalamika. Tafsiri ikaondolewa.

Bibi Martha alivumilia miezi michache, kisha akaacha kwenda kanisani.

"Nikamuuliza, 'Bibi, unaumwa?'" anakumbuka Blandina. "Akanijibu, 'Siumwi. Nimechoka kuangalia midomo.' Jamani, niliumia! Kanisani hukohuko ndiko alikonipeleka amenibeba mgongoni."

Jibu alilipata kibandani kwake. Siku moja alikuwa anajaribu amplifaya, akaiunganisha na kipande kidogo cha sola kutoka kwenye taa chakavu ya bustani iliyotupwa na hoteli moja ya watalii. Spika ikanguruma. Akakifunika kile kipande kwa kiganja, ngurumo ikakatika. Akaondoa kiganja, ikarudi. Kumbe ilikuwa inatoka kwenye taa iliyokuwa ikiwaka juu ya meza!

"Nikasema, eh, kama taa inanguruma, basi inaweza kufundishwa maneno."

Ilimchukua miezi saba. Sasa Silvanus anakaa sakristia, chumba cha kando ya altare, anamsikiliza padre na kutafsiri kwa sauti ya chini kwenye maiki. Sauti hiyo inaingia kwenye taa, na mwanga unaongezeka na kupungua kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona. Kipande cha sola kinaiona. Kimeunganishwa na kijisanduku cha ukubwa wa kiberiti, na kutoka hapo sauti inafika kwenye hedifoni.

Kwa nini asitumie redio? "Redio ina mambo ya vibali, na sauti ingefika mpaka kilabuni. Mwanga unabaki humuhumu ndani."

Mzee Isaya, mwenyekiti wa kamati ya kigango, hakupendezwa hata kidogo. "Nilimwambia, binti, tunakupa Jumapili moja," anasema. "Zikituletea vurugu, zinashuka, na habari inaishia hapo."

Jumapili hiyo ilikuwa Julai mwaka jana, baridi ya kung'ata. Blandina alimbembeleza bibi yake siku nne ndipo akakubali. Mabibi kumi na wawili waliketi mabenchi ya kushoto, vijisanduku na vipande vyake vya sola vikining'inia vifuani.

Padre Hilary, ambaye ni mwenyeji wa Kagera na hajui Kiiraqw, alisimulia habari ya mkulima aliyemwombea jirani yake: "Bwana, mjalie maharage mengi, ila yangu yatangulie kufika sokoni." Kanisa likacheka, likanyamaza. Sekunde nne baadaye mabenchi ya kushoto yakaangua kicheko peke yake. Padre akashtuka. Kisha kanisa zima likacheka tena, safari hii kwa sababu ya mabibi.

"Bibi yangu alikuwa anacheka mpaka anajipiga paja," anasema Blandina. "Nililia pale mlangoni, sikuona hata aibu."

Furaha hiyo ilidumu robo saa. Padre aliposema, "Tuinamishe vichwa tuombe," Blandina aliona bibi mmoja anagongagonga hedifoni yake kwa kidole, halafu wa pili, halafu wa tatu. Akakimbilia betri, akashika nyaya, akamchungulia Silvanus. Silvanus alikuwa anatafsiri kama kawaida. Mzee Isaya alikuwa ameshaanza kuitazama ngazi.

Misa ilipoisha, Blandina alimwendea bibi yake akiwa na jasho. Bibi Martha alikuwa anatabasamu.

"Mjukuu wangu, taa zako zina adabu," alimwambia kwa Kiiraqw. "Wakati wa sala zinanyamaza."

Hapo ndipo Blandina alipoelewa. Mabibi wa Daa wakisali huinama, huvuta mitandio mbele na kukunja mikono kifuani. Waliinama wote, wakavifunika vipande vya sola kwa heshima zote!

"Nilikuwa nimesahau jinsi bibi yangu anavyosali," anasema. "Na kusali mimi nimefundishwa na yeye!"

Aliiomba kamati Jumapili moja zaidi. Mabibi wakaiomba kwa sauti kubwa kumshinda, na Mzee Isaya akasalimu amri. Wiki hiyo Blandina alishona vipande vya sola kwenye vitambaa vya kichwa, utosini. Sasa bibi akiinama, utosi unaitazama taa, na sala inaingia safi kuliko mahubiri. Bibi Martha hajakosa misa tangu siku hiyo. Mzee Isaya naye ana kofia yenye sola. Anasema ni ya kukagua mitambo.

Leo, baada ya misa, Blandina ameketi kwenye benchi la nje na sindano mkononi, anashona kofia nyingine, nyeupe. Mwezi ujao ni misa ya shukrani ya mavuno. Kwa mara ya kwanza Bibi Martha ataombea mazao mbele ya kanisa zima, kwa Kiiraqw, na Silvanus atatafsiri kwa Kiswahili kupitia taa zilezile. Kofia hiyo ni ya Padre Hilary.

Bibi Martha anaichukua, anaipima kwenye goti lake, anasema neno na kucheka mpaka mabega yanatikisika. Blandina naye anacheka kwanza, ndipo anatafsiri:

"Anasema, siku hiyo ni zamu ya padre kuinamisha kichwa."