Nilipopita Msibani Kwangu

Kilomita themanini na kitu zilikuwa zimekwisha miguuni mwangu nilipoona turubai la buluu mbele ya nyumba yetu, Ng'ambo.

Turubai kwetu lina kazi mbili, harusi na msiba, na sisi hatukuwa na harusi. Viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa. Wanaume walikaa nje, mikono katikati ya magoti. Ndani wanawake walikuwa wanalia, na kati ya sauti zile niliitambua ya mama mdogo, maana analia kwa kuvuta neno la mwisho mpaka pumzi imwishie.

Niliacha kukanyaga pedeli. Baiskeli ikaendelea kwenda yenyewe, namba yangu ya mashindano ikipepea kifuani, nami nikawa nahesabu watu wangu. Ni wawili tu. Wa kwanza ni mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi kule Ntalikwa. Wa pili ni mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, dereva wa bodaboda. Niliwatazama wale wanaume mmoja mmoja. Hakuwepo. Pikipiki yake nayo haikuwepo pale inapolala siku zote. Nikajua ni yeye.

Niseme kwanza nilikuwa natoka wapi.

Mama alitangulia, kwa ugonjwa. Baba akamfuata miaka mitatu baadaye. Alikwenda kuvua bwawani, na kilichokutwa ni nguo zake zimekunjwa vizuri juu ya jiwe na viatu juu yake. Siku mbili wanaume walichokora maji kwa miti mirefu, wamefungwa kamba kiunoni, maana hakuna aliyejua kuogelea. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya matanga ndugu walikaa kutugawa: mmoja aende Igunga kwa shangazi, mmoja abaki kwa mama mdogo, mimi niolewe. Nilisema hapana. Nilisema tutakaa watatu, na mimi nitawalisha. Nikaacha shule, nikaenda kwa fundi wa baiskeli jirani yetu, nikamwambia anifundishe kuziba pancha. Alicheka kwanza, halafu akanipa beseni la maji na mpira uliotoboka. Mpaka leo nakula kwa spana.

Yule mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Alilala mgongoni mwangu kuliko alivyolala kitandani.

Mashindano yaliletwa kwangu na daktari mmoja kijana, aliyekuja kutengeneza baiskeli yake ya mbio, ile ya tairi nyembamba kama kidole. Akaniambia wanaandaa mbio za michezo mitatu: kuogelea karibu kilomita mbili bwawani, baiskeli kilomita tisini, kisha kukimbia ishirini na moja, siku hiyohiyo, na saa tisa na nusu alasiri wanafunga.

"Mtu mmoja?" nikamuuliza. "Au kila mchezo na mtu wake?"

"Mtu mmoja, Dada Fundi."

"Amekosa nini huyo mtu?"

Alicheka, lakini mimi neno lililobaki kichwani halikuwa baiskeli wala kukimbia. Lilikuwa kuogelea. Nilimwomba anifundishe, na yeye akaomba kwa malipo nimrekebishie gia kila mwezi. Mwaka mzima, Jumapili baada ya ibada, nilikuwa naingia kwenye maji yaleyale yaliyomla baba. Siku ya kwanza nilisimama maji yakiwa magotini, nikatapika. Siku ya kumi nilielea. Sikumwambia mtu. Nyumbani kwetu neno bwawa halitamkwi. Tukikaangiwa samaki tunasema wametoka sokoni. Nikirudi nywele zimelowa nilisema nimeoga kwa rafiki, na mdogo wangu mwalimu alinitazama kama mtu anayesahihisha daftari.

Mazoezi mengine hayakuhitaji siri. Nilipakia magunia mawili ya mkaa kutoka Ntalikwa, ili siku nikipanda baiskeli tupu nione inaruka. Alfajiri, kabla ya kufungua kibanda, nilikimbia ile njia ya zamani ya kwenda Kwihara. Wazee wetu walitoka hapo na mizigo kichwani wakaenda kwa miguu mpaka pwani. Mimi nilikuwa sijabeba hata funguo na bado nilihema kama ng'ombe aliyekimbizwa. Chakula changu cha njiani kilikuwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na maji yenye asali na chumvi kidogo. Wadogo zangu niliwaambia nakwenda kwenye mbio za baiskeli. Hilo halikuwa uongo. Lilikuwa theluthi moja ya ukweli.

Asubuhi ya mashindano tulipewa mifuko yenye namba zetu, tuweke vitu vyetu, vipelekwe upande wa pili wa bwawa ambako tungetokea. Mfuko ule ulikuwa mzuri, mweupe, una zipu. Nikatia viatu vya baiskeli na matobolwa. Nguo zangu zilikuwa na vumbi la njiani, sikutaka kuuchafua. Kwa hiyo nikafanya kama nilivyozoea Jumapili: nikakunja gauni na kanga juu ya jiwe, simu katikati, kandambili juu. Nilisema nitazifuata jioni.

Miaka yote niliyoishi nayo picha ile ya nguo za baba, na bado sikuona nilichokuwa nakifanya.

Niliogelea vizuri. Nilitokea upande wa pili, nikapanda baiskeli, nikashika barabara ya kuelekea Igunga hadi mahali tulipogeuzia, nikaanza kurudi mjini. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Sikuwa nawaza mlo wala ada wala tairi la mtu. Mpaka nilipofika Ng'ambo.

Niliingia uani nikikokota baiskeli, na kitu cha kwanza nilichoona ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimevaa ovaroli langu la kazi lenye mafuta, nimefunga kitambaa changu cha kichwa, na nimepanda fagio kama baiskeli, nazunguka katikati ya waombolezaji na spana mkononi.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mtani wetu, yule mama wa Kizaramo anayeuza chapati pale kona. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwenye msiba wetu mtani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, watu wacheke katikati ya machozi. Nimeona hivyo kwenye misiba mingi. Huko nami nilicheka pia.

"Mmekula?" mtani alikuwa anapiga kelele, kwa sauti yangu hasa, ile nzito ya kukwaruza. "Mmefunga mlango? Nani kaacha taa inawaka? Haya, mmekula? Nimeuliza mmekula?"

Wanawake walicheka huku wakifuta pua kwa kanga. "Alikuwa hivyohivyo!" mmoja akasema. "Miaka yote hiyo, sijawahi kumsikia akiulizwa yeye."

Nilisimama pale na kofia yangu ya baiskeli kichwani. Kwa hiyo marehemu alikuwa mimi. Na maneno yangu yote ya duniani yalikuwa yametoshea kwenye mzunguko mmoja wa fagio.

Aliyeniona kwanza ni mtani. Fagio likamponyoka. Kisha mama mdogo, mlangoni, aliinua uso, akaniona, akaliacha neno la mwisho katikati. Halafu uwanja mzima uliinuka kwa pamoja. Sufuria ikapinduka. Kwaya ya akina mama ikatoka kwa mlango wa nyuma, na mmoja alipita dirishani ingawa ni mnene. Kwa muda mfupi nilibaki na mtani peke yake.

"Mtani," akasema, "kama umefuata spana yako, hii hapa. Sikuiba."

"Nani kafa?"

"Wewe."

"Mimi nipo."

"Naona. Lakini tumeshalia, na wali uko jikoni."

Mdogo wangu mwalimu alitoka ndani ameshika gauni langu, kanga yangu na simu yangu. Macho yalikuwa yamevimba hata nikajiuliza ananiona vipi. Hakukimbia. Alinijia taratibu, akanigusa shavu, akavuta sikio langu kama anavyovuta masikio ya wanafunzi, na alipohakikisha ni nyama alianza kunipiga ngumi kifuani, kwenye namba.

"Baiskeli! Ulituambia baiskeli! Nimekuletea uji nikushangilie, naambiwa mnaanzia bwawani, nimepotea njia, nimefika watu wote hawapo, nakuta nguo! Dada, nguo! Zimekunjwa! Nakupigia simu inalia ndani ya kanga! Nikamuuliza mchunga ng'ombe, akasema waliingia majini asubuhi, hajaona hata mmoja akitoka!"

Na kweli hakuona. Tulitokea ng'ambo ya pili, nyuma ya vichaka.

"Mdogo wetu yuko wapi?" nikamuuliza.

Ngumi zikasimama. Nilimwona akianza kuelewa, na mimi nikaelewa kutoka usoni mwake kabla hajasema.

"Amekwenda kukutafuta," akasema. "Na wenzake wa kijiweni. Wamechukua kamba."

"Mpigie."

"Haipatikani tangu saa nne."

Mdogo wetu hajui kuogelea. Mimi ndiye niliyehakikisha hajui. Tangu akiwa na miaka minne nilimkataza hata kuchungulia kisima. Nilimlea aogope maji, na nilipojifunza mimi nilijifunza peke yangu, kwa siri, kama mtu anayekula nyama jikoni watoto wamelala.

Ilikuwa saa sita kasorobo. Zilibaki kilomita tatu kufikisha baiskeli kwenye uwanja wa mashindano mjini, na baada yake mbio za miguu kwa ile njia ya Kwihara ninayoijua kila jiwe. Sikuifikiria. Niliegemeza baiskeli ukutani, nikaita bodaboda iliyokuwa imeleta waombolezaji.

"Baiskeli naichukua mimi!" mtani akanipigia kelele nyuma. "Ni urithi wangu!"

Dereva alikuwa kijana aliyenijua. Alikubali kunipakia kwa sharti moja, kwamba nisimshike kiunoni mpaka awe na uhakika. Nikashika chuma cha nyuma. Njia nzima nilimwambia, "Kimbiza," naye alikuwa anaomba Mungu kwa sauti.

Bwawani niliona pikipiki tano zimelazwa kwenye nyasi. Vijana wanne walikuwa ukingoni, wameshika kamba. Mwisho wa kamba ile, mbali kuliko nilivyotaka, kulikuwa na kichwa cha mdogo wangu. Maji yalikuwa shingoni. Alikuwa na mti mrefu mkononi, anachokora chini, anavuta, anachokora. Sehemu ile naijua kwa miguu yangu: hatua mbili mbele yake ardhi inakatika.

Nilifanya kosa la pili siku ile. Niliita jina lake.

Wale vijana wanne waligeuka, wakamwona marehemu amesimama nyuma yao amelowa jasho, na namba kifuani. Wote wanne waliachia kamba wakakimbia. Sikuwalaumu wakati ule, wala siwalaumu sasa. Mdogo wangu naye aligeuka kwa sauti yangu, akarudi nyuma hatua mbili, na kichwa kikazama.

Mti ukabaki unaelea.

Sikumbuki kuvua viatu, ingawa baadaye nilikutwa miguu mitupu. Nakumbuka maji yalikuwa ya moto juu na baridi chini. Nilimkuta kwa mguu kwanza, kisha kwa kamba, na nilipomshika alinishika kwa nguvu zake zote na kunivuta chini, maana ni mwanaume wa kilo themanini na alikuwa anakufa. Daktari alikuwa amenifundisha: mtu akikung'ang'ania zama naye, atakuachia. Nilizama naye. Aliniachia. Nikamshika kidevu kutoka nyuma, nikapiga maji kwa miguu iliyokwisha kukanyaga pedeli kilomita themanini, na sijui ilikuwa muda gani.

Alitapika maji mengi kwenye matope. Nilimlaza kifudifudi juu ya mapaja yangu nikampiga mgongo, nikaendelea kumpiga hata baada ya kuanza kupumua, mpaka aliponiambia niache. Kisha akageuka chali na kunitazama, kope zimejaa tope.

"Dada."

"Naam."

"Nimekufa?"

"Hapana. Wala mimi."

Vijana wa kijiweni walikuwa wanachungulia kutoka nyuma ya pikipiki zao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea. Mdogo wangu aliinua mkono akanishika bega, akalibonyeza, kisha akatazama maji, akatazama mahali alipozamia, akapima umbali.

"Umeogelea," akasema.

"Ndiyo."

"Unajua kuogelea?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

Midomo yake ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni baridi. Kumbe ni hasira. Katika miaka yote niliyomlea sikuwahi kuona hasira ile ikielekezwa kwangu.

"Mwaka mzima," akasema. "Na mimi ukaniacha nisijue."

Nilimwambia anyanyuke, twende nyumbani tukawaambie watu. Alikataa. Alivua shati lililolowa, akalitupa kwenye nyasi, akakaa kwenye ukingo, miguu ndani ya maji.

"Nionyeshe," akasema. "Hapa pa kina kifupi. Nionyeshe wanaanzaje."

Saa tisa na nusu ilipofika, na kule mjini wakafunga mashindano, mimi nilikuwa nimesimama maji kiunoni, mikono miwili chini ya mgongo wa mdogo wangu, namwambia alegeze shingo.